Hedifoni za Kuunga

Hedifoni za Rozina zilikufa sikio la kushoto Jumatatu asubuhi, kivuko kikiwa bado hakijaondoka gatini. Zilikuwa za tatu tangu Pasaka.

Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kufundisha chekechea. Rozina Orwa alifundisha Kamanga, ng'ambo ya ziwa, darasa la watoto zaidi ya sabini, kila mmoja na filimbi yake kooni. Nyumbani Kirumba alikaa kwa baba yake mdogo, Odongo, kwenye nyumba yenye redio sebuleni, redio jikoni, na Odongo mwenyewe. Safari ya kivuko ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee ya kukaa na akili yake. Alichagua benchi la pembeni, akasukuma vile vipira ndani ya masikio mpaka dunia ikazibika, akasikiliza nyimbo zake. Hakuna aliyemwita mwalimu.

Siku hiyo sikio la kulia lilikuwa na gitaa, la kushoto lilikuwa na injini na mwanamke mmoja aliyelalamikia bei ya sukari kutoka Mwanza mpaka Kamanga.

Jioni alishuka kivukoni akaenda moja kwa moja soko la Makoroboi, kwenye meza ya Pius, muuza hedifoni. Alikuwa amevaa blauzi ya njano na sketi ya kitenge iliyombana vizuri, na uso ambao ungemfanya mtu mwenye busara ampishe njia. Pius hakumpisha.

"Kaka Pius, hizi umeniuzia wiki iliyopita."

"Nilikuuzia nzima. Tulipima hapa hapa, ukasikia mwenyewe."

"Zimekufa."

"Basi zimefia kwako, dada. Hapa zilikuwa hai."

"Nibadilishie."

"Sheria ya meza unaijua. Tunapima, zinalia, unalipa. Ukishavuka mtaro ule, biashara imekwisha."

"Na zangu zimefia wapi?" ilisema sauti nene pembeni.

Alikuwa mwanaume mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyofuliwa mpaka ikapauka magotini. Mikono ilikuwa safi lakini kucha zilikuwa zimekataa sabuni. Mkononi alining'iniza hedifoni aina ile ile, nyeusi, zenye mstari mwekundu.

"Za kwako zimefia Nyakato, Luhende," Pius alisema bila kuinua macho. "Kiwandani kuna joto."

"Kwa hiyo za kwangu joto. Za dada huyu?"

"Unyevu. Anavuka maji kila siku."

Rozina alicheka, hakutaka kucheka, akakasirika kwa kucheka. Yule mwanaume alimgeukia.

"Zako zimekufa upande gani?"

"Kushoto."

"Zangu kulia." Alizitazama zote mbili. "Nipe."

"Nikupe uzipeleke wapi?"

"Nizikate. Mimi ni fundi umeme kiwandani. Nachukua kulia kwako, nachukua kushoto kwangu, tunapata moja nzima."

"Halafu hiyo moja nzima inakuwa ya nani?"

Ilionekana mawazo yake hayakuwa yamefika huko. "Yako," alisema.

"Kwa nini?"

"Mimi kwenye mashine sisikii kitu hata ukinivisha nne."

"Mnaona sasa," Pius alisema. "Mnapata na wachumba hapa hapa, halafu mnanitukana."

Rozina alimpa hedifoni, akampa na namba, kwa kuwa kifaa lazima kirudi. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Luhende alizileta kesho yake gatini, zimeviringwa ndani ya mfuko wa nailoni. Maungio aliyafunga kwa utepe mweusi wa umeme, nadhifu, na alisimama akisubiri kusifiwa.

"Pini ya kwako ilikuwa imepinda," alisema. "Nimeweka ya kwangu. Hiyo haitoki mpaka uzeeke."

"Nyie Wasukuma mnajisifu taratibu, lakini mnajisifu."

"Na nyie Wajaluo?"

"Sisi tunajisifu haraka, tunamaliza, tunaendelea na kazi."

Zililia masikio yote mawili. Rozina alipanda kivuko akiwa anatabasamu kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

Kuonana kwao kulikuwa kwa shida. Luhende alifanya kazi kwa zamu, wiki mchana, wiki usiku. Rozina aliamka na jogoo akarudi amechoka. Kwa hiyo mapenzi yao yalihamia kwenye simu, kwenye ujumbe wa sauti. Luhende alirekodi akiwa mapumzikoni, nje ya kiwanda, akipaza sauti kwa mazoea ya mashine. Rozina alisikiliza juu ya maji, macho amefumba, ile sauti nene imeingia mpaka ndani ya kichwa.

"Rozi wangu, umekula nini leo?" ilisema sauti. "Usiniambie chai. Mwanamke mzuri hivyo anakunywaje chai kavu kama mlinzi."

Naye alijibu akishuka Kamanga: "Nimekula chapati mbili, baba. Na ya tatu nimekula kwa niaba yako. Ilikuwa tamu, pole."

Wakati mwingine alimpigia.

"Uko wapi?"

"Kwenye ukuta wa kiwanda, nimeegemea. Nakuwaza."

"Unaniwazaje?"

"Na ile blauzi ya njano."

"Blauzi tu?"

"Rozina, nipo kazini, kuna watu."

"Basi wasalimie hao watu."

Ikafika mahali Luhende akaenda kwao Bujora kumwambia baba yake, Mzee Mayala, kwamba amepata mke. Mzee hakuwa na neno na binti. Alikuwa na neno na zizi. Ndani yake mlikuwa na ng'ombe ishirini, si mmoja zaidi, na wana wa kiume walikuwa wawili. Luhende alikuwa mkubwa. Nyuma yake alikuwepo Shimba, naye alikuwa na mchumba Kisesa.

Rozina alikuwa hana baba. Orwa alifia Shirati miaka mingi iliyopita, na neno la mahari lilikuwa la Odongo. Odongo alikuwa mtu mfupi, mnene, mpole mpaka aguswe. Kikao kilipangwa Jumamosi, Kirumba.

Alhamisi asubuhi Odongo alipanda kivuko pamoja na Rozina. Alikuwa anakwenda Kamanga kutazama mashine ya kusaga iliyokuwa inauzwa. Walikaa benchi moja. Odongo alifungua gazeti, Rozina akasukuma hedifoni masikioni, kila mmoja akashika lake. Simu aliiweka kwenye mkoba, chini ya madaftari ya watoto, kwa sababu ya vibaka.

Ujumbe wa Luhende uliingia katikati ya ziwa. Rozina aliingiza mkono mkobani, akabonyeza. Hakusikia kitu. Masikio yalikuwa yamezibwa barabara na injini ilikuwa inanguruma chini ya miguu, akadhani Luhende amerekodi kwa sauti ndogo. Akaongeza. Bado. Akaongeza tena, mpaka mwisho.

Mwanamke wa benchi la mbele aligeuka. Kisha mwingine. Kisha gazeti la Odongo likashuka.

Rozina alichomoa kipira kimoja sikioni, ndipo akasikia kile ambacho kivuko kizima kilikuwa kinasikia.

"...tutaanza na nane, Rozi. Mzee anasema tusizidi kumi na mbili. Zizini wapo ishirini, lakini nane ni wa Shimba, hao hawaguswi. Wewe ukiulizwa nyamaza. Na huyo baba yako mdogo usimwogope. Wananiambia ni mtu wa bia. Tunampa bia mbili, analegea."

Pini ilikuwa imechomoka nusu. Kwa macho ilionekana imeingia. Simu ilikuwa imeamua haina hedifoni.

Rozina alipekua madaftari kama mtu anayezima moto. Alipoipata simu, Luhende alikuwa ameshamaliza na kumwita malkia. Abiria mmoja aliyekaa juu ya gunia la mihogo alikohoa kuficha kicheko, akashindwa.

Odongo alikunja gazeti mara nne. Walipokanyaga Kamanga akamgeukia Rozina.

"Bia mbili," alisema.

"Baba mdogo, naomba unisamehe. Ni maneno ya kijana, hakuwa na nia..."

"Sikiliza, binti. Mimi ndiye ninayesimama mahali pa marehemu kaka yangu. Ukimwambia huyo kijana kwamba nimesikia, Jumamosi hakuna kikao. Wala Jumamosi nyingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Alipaswa kumwambia Luhende hata hivyo. Aliishika simu jioni nzima. Alihofia kikao kuvunjika, na alijipa moyo kwamba Odongo atapoa, kwa kuwa hasira zake kwa kawaida zilipoa kabla ya chakula. Akaandika tu: "Jumamosi njooni mapema." Mtu akipenda anafanya ujinga wa namna hiyo na anauita subira.

Jumamosi wakaja. Mzee Mayala alivaa koti la kijivu na kofia ya pama. Msemaji wao alikuwa Antoni, binamu yake, mtu wa maneno laini. Luhende alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Rozina aliwapita na jagi la maji akiwa amejifunga kitenge cha zambarau, macho chini. Samaki wa sato walikuwa wameshaiva na kupakuliwa mezani.

"Shikamooni wazee," Luhende alisema.

"Marahaba," Odongo alijibu, na kwa muda ikaonekana amepoa kweli.

Antoni alizunguka. Alisifu nyumba, akasifu malezi, akasifu Shirati asikowahi kufika. Mwisho akasema familia ya Mayala ni ya watu wa kawaida, mwaka ulikuwa wa ukame, wamejikusanya wamepata nane.

"Ishirini," Odongo alisema.

Antoni alitabasamu. "Mzee mwenzangu, tunazungumza. Tusianze na..."

"Zizini mnao ishirini. Tusipotezeane muda."

Mzee Mayala aligeuza shingo polepole akamtazama mwanawe. Odongo aliinama chini ya kiti, akatoa bia mbili, akazifungua zote akaziweka mbele yake.

"Hizi nimenunua kwa hela yangu," alisema. "Isije ikasemwa nimelegezwa."

Wageni waliondoka bila kunawa mikono. Wale sato walibaki mezani mpaka mchuzi ukaganda. Kwa watu wa ziwa, mgeni kuacha chakula kilichokwisha kupakuliwa ni maneno makubwa kuliko tusi.

Luhende alipiga simu kabla hata hajafika Kisesa.

"Nani aliwaambia?"

"Wewe," Rozina alisema.

"Usinifanyie mzaha."

"Sauti yako, Luhende. Alhamisi, kivukoni. Pini ilichomoka, simu ikalia kama ya mhubiri. Baba mdogo alikuwa ubavuni kwangu."

"Alhamisi. Leo Jumamosi. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Alinikataza. Alisema nikikwambia hakuna kikao."

"Pini niliiweka mwenyewe. Haiwezi kutoka."

"Ilitoka."

"Rozina, nimefanya kazi ya waya tangu nina miaka kumi na saba. Kama uliwaambia, sema uliwaambia. Wewe ni wao, naelewa."

Rozina alisema polepole, "Kwa hiyo pini haidanganyi, mimi ndiye ninayedanganya."

"Sikusema hivyo."

"Umesema." Akakata.

Bujora Mzee Mayala alimaliza neno lake kwa sentensi moja. "Amekuuza akiwa kwao; akiingia hapa atauza na mlango." Luhende alirudi Nyakato akafanya zamu mbili mfululizo.

Rozina naye alitupa zile hedifoni kwenye droo, akaenda kwa Pius akanunua nyingine. Zikafa sikio la kulia kabla ya mwisho wa mwezi. Pius alisema ni unyevu. Akarudia zile za kuunga, na kila safari pini ikachomoka, mpaka akawa anaishika kwa kidole njia nzima, kidole kikamuuma, na ndani ya masikio hakukuwa na ile sauti tena. Watoto walipiga kelele. Redio ya jikoni ilipiga kelele. Hata kivuko alikichukia.

Mwisho Luhende alipiga.

"Bado unazo zile hedifoni?"

"Salamu kwanza."

"Habari za siku nyingi."

"Mbaya. Ninazo."

"Lete nizipime."

Walikutana gatini asubuhi. Alikuwa amekonda, na Rozina aliona, na aliudhika kwamba ameona. Luhende alichomeka pini kwenye simu yake. Zililia. Akatingisha. Zililia. Akaruka ruka pale pale mbele ya wauza magazeti. Zililia.

"Unaona?"

"Hapa ni nchi kavu. Panda."

"Nina zamu saa nane."

"Basi kapige zamu, uishi na pini yako."

Alipanda. Rozina alimkalisha benchi lile lile, juu ya injini ile ile, akakunja mikono akasubiri. Kivuko kikaondoka. Chuma kikatetemeka, vioo vikalia, maji yakapasuka. Luhende alikaa na hedifoni masikioni, simu mapajani, ikipiga bendi. Ilipiga bila kukatika. Wakapita mawe ya mwisho ya mji, ikapiga. Wakafika katikati, ikapiga.

"Mwezi mzima imenitesa," Rozina alisema huku akiing'ata midomo. "Kila siku ya Mungu. Leo kwa kuwa umekuja inajifanya malaika."

"Nini?"

"Nasema..."

"Zinalia vizuri tu," Luhende alisema kwa sauti ya mtu aliyezibwa masikio, sauti iliyofika mpaka kwenye magari chini. "Masikio yote mawili. Nilikwambia pini haitoki."

Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni la karanga alisimama. Aliitwa Evelina, na kivukoni hakuna asiyemfahamu.

"Kaka, samahani. Sema tena."

Luhende alichomoa kipira. "Niseme nini?"

"Sema 'bia mbili.'"

"Kwa nini niseme bia mbili?"

Evelina aliweka beseni chini akawageukia watu wa benchi la nyuma. "Ndiye. Ndiye mwenye ng'ombe ishirini."

"Mimi nimemjua alipofungua mdomo tu," alisema mzee mwenye kanzu. "Bwana mdogo, kumi na mbili walikubali?"

"Wangekubalije, na mkwe alikuwa amekaa hapo hapo anasikia," Evelina alidakia.

"Wale nane ni wa Shimba," kijana wa bodaboda alikumbusha wenzake. "Hawaguswi. Shimba hajambo?"

Luhende alitazama uso mmoja, akatazama mwingine. Damu ilimpanda shingoni. Alikitoa na kile kipira cha pili sikioni, taratibu, akaukunja waya kwenye kiganja.

"Wote hawa?" alimuuliza Rozina.

"Na waliokuwa chini kwenye malori."

Evelina alimpa Rozina karanga za bure, akaendelea na biashara. Wawili wale wakabaki na ziwa.

"Nilisema pini ni nzima," Luhende alisema.

"Pini haikuniuma. Ulisema mimi mwongo."

"Nilisema."

"Ungeuliza mtu yeyote humu ndani. Hata muuza karanga alijua nina haki. Wewe uliyesema unanipenda ulihitaji kunipima kwanza, kama Pius anavyopima hedifoni zake."

Luhende aliweka hedifoni mapajani mwa Rozina. "Nisamehe, Rozi."

"Sisikii. Sema kwa sauti ile ile."

Alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Luhende akasimama, akashika nguzo.

"Ndugu abiria," alisema, na injini ikawa ndogo. "Huyu ni Rozina Orwa. Nilisema aliniuza. Hakuniuza, nilijiuza mwenyewe. Nataka kumwoa kama bado ananitaka."

"Anakutaka?" mzee mwenye kanzu aliuliza.

"Anamtaka," Rozina alisema akitazama maji. "Akae chini, atatuzamisha."

Jumapili jioni walikwenda pamoja kwa Odongo. Luhende aliamkia akiwa amepiga magoti, akaomba msamaha kwa neno la bia, hakulipunguza. Odongo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akae kwenye kiti.

"Nitakwambia kitu, kijana. Mimi na mama yake mdogo tulikuwa tumepanga kuishia kumi. Mngesema nane, ningesema kumi na tano, tungekula samaki, tungemalizia kumi. Sikuwa na haja ya zizi lenu."

"Basi baba, tunaweza kurudi kwenye kumi?"

"Hapana. Kivuko kizima kimesikia ishirini. Nikipokea kumi watasema ni zile bia mbili zimefanya kazi."

Rozina alilia, akabishana, akaita shangazi kutoka Shirati. Odongo hakusogea. Kwa Mzee Mayala ilikuwa vilevile upande wake: mtoto wa kwanza hawezi kuonekana ameshindwa mbele ya mji. Aliitoa mali yote akiwa hamtazami Luhende.

Ndoa ilifungwa mwezi wa saba, Rozina kwenye gauni jeupe la mikono mirefu, Luhende kwenye suti ya kuazima. Wanapendana. Hilo halina ubishi.

Lilichogharimu ni hiki. Ng'ombe ishirini, na zizi la Bujora limebaki miti mitupu. Mbuzi mmoja wa faini kwa neno la bia. Hedifoni jozi nne, na ya tano iko njiani kufa. Na mchumba wa Shimba, ambaye hakuweza kusubiri ng'ombe wasiokuwepo, na mwezi wa kumi aliolewa Magu.